SOMO LA MAJI: KISIMA KINAPONUKA



Somo letu la leo ni la maji ya kisima cha nyumbani. Swali ni hili: maji yakitoa harufu ya gesi, ya petroli au ya kitu kilichooza, tufanye nini? Wengi wetu tuna jibu moja la haraka: "Tia dawa." Dawa yenyewe ni klorini. Klorini ni kitu kizuri, lakini haitibu kila kitu. Tena kuna harufu ambayo ukichemsha maji yake, badala ya kupunguza hatari unaiongeza.

Shabaha ya somo ni kila mwanachama aweze kufanya mambo matatu: kujua harufu inatoka wapi, kuchagua tiba inayofaa, na kuhakikisha hakuna mtu anayekufa ndani ya kisima.

Someni kwa mikutano miwili. Mmoja asome kwa sauti, na anayejua Kiborana, Kisamburu, Kiturkana au Kimeru awafasirie wazee. Waiteni majirani wote, Wakristo na Waislamu, kwa maana wote mnachota chini ya ardhi moja.

1. KWA NINI MAJI YETU HUNUKA

Sisi wa Isiolo tunakaa katika nchi kavu. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo. Halafu mwishoni mwa 2023 mvua ikaja kwa fujo na kuleta mafuriko. Mtu akiona hali kama hiyo, huchimba. Wengine wamechimba kando ya laga, wengine karibu na Ewaso Ng'iro, wengine ndani ya ploti zao mjini.

Wakati wa kiangazi maji ya kisima hushuka. Yale machache yanayobaki hukaa chini bila hewa, na vitu vilivyoanguka humo, kama majani, panya au kinyesi, huoza. Wakati wa mafuriko, maji ya juu hupita vyooni na zizini kisha huingia kisimani. Ndiyo maana watu wengi hulalamika juu ya harufu katika nyakati hizi mbili.

Kuna jambo la tatu. Tangu barabara ya lami ya kwenda Moyale ikamilike, magari makubwa yameongezeka, na pamoja nayo vituo vya petroli na gereji. Matanki ya petroli huzikwa ardhini. Tangi likitoboka, mwenye kituo anaweza kukaa muda mrefu bila kujua, na petroli itashuka polepole mpaka ikute maji. Oili chafu inayomwagwa nyuma ya gereji pia haipotei. Huzama ardhini.

2. KWANZA MTAFUTE MWIZI

Kabla ya kutia dawa yoyote, fanyeni uchunguzi huu mdogo. Hauhitaji pesa.

(a) Angalia chombo. Jerikani nyingi tunazochotea zilikuwa na mafuta kabla. Plastiki hufyonza harufu na kuitoa polepole. Chota kwa ndoo ya chuma iliyooshwa vizuri, mimina kwenye gilasi safi, halafu nusa. Kama harufu haipo, kisima chako ni kizima. Kilichooza ni mtungi. Chombo kilichobeba petroli, mafuta ya taa au dawa ya mifugo kisitumike tena kwa maji ya kunywa, hata kikioshwa mara kumi.

(b) Angalia pampu. Pampu ikivuja oili au petroli juu ya kisima, harufu itaingia. Uliza pia kama kuna mtu aliyemwaga mafuta ya taa ndani ili kuua mbu. Desturi hiyo ikomeshwe. Funika kisima vizuri na mbu hataingia.

(c) Uliza jirani. Kama visima vitatu vya mstari mmoja vinanuka, shida haiko kwako peke yako. Iko ardhini. Chora ramani kwa kijiti mchangani: visima, vyoo, zizi, gereji, kituo cha petroli, na maji ya mvua yanateremka kwenda wapi.

(d) Acha maji yakae. Weka maji kwenye ndoo wazi nje ya nyumba kwa saa moja, huku ukiyamimina kutoka ndoo moja hadi nyingine. Harufu ya yai viza hupungua sana. Harufu ya petroli nayo inaweza kupungua, lakini hiyo haina maana kwamba maji yamepona.

3. HARUFU TATU NA TIBA ZAKE

Harufu ya yai viza. Hii ni gesi iitwayo haidrojeni salfaidi. Hutengenezwa na bakteria wanaoishi mahali pasipo hewa, wanaokula uozo pamoja na salfeti, yaani chumvi fulani iliyomo katika maji na udongo. Maji yenye gesi hii huweza kuvifanya vijiko na vyombo vya shaba kuwa vyeusi. Kwa kiasi kidogo kinachonuka ndani ya maji, mara nyingi gesi hii ni kero kuliko sumu. Lakini jiulize uozo unatoka wapi, maana palipo na uozo vijidudu vya kuharisha vinaweza kuwapo.

Tiba yake ni kutoa maji yote, kuondoa tope na takataka, na kutia klorini kama tutakavyoeleza katika sehemu ya 6. Baadaye chota kila siku ili maji yasilale. Harufu ikirudi baada ya wiki chache, gesi inatoka katika tabaka la ardhi lenyewe. Basi zoea kuyamimina maji kutoka ndoo hadi ndoo mahali penye upepo kabla ya kuyaweka dawa ya kunywa.

Harufu ya choo au ya kitu kilichokufa. Hapa usibahatishe. Maji hayo yasinywewe mpaka kisima kisafishwe. Tazama umbali wa choo: usipungue mita 30, na choo kiwe upande wa chini wa mteremko. Kama choo kiko juu ya kisima, klorini itasaidia siku chache tu, kisha uchafu utarudi. Choo ndicho cha kuhamishwa.

Harufu ya petroli, dizeli au mafuta ya taa. Ukishajua kwamba harufu haitoki kwa chombo wala pampu, acha kutumia maji hayo mara moja, kwa kunywa, kupika, kuoga na hata kunywesha mifugo. Usichemshe: mvuke wake unaweza kushika moto jikoni, na wewe utauvuta kifuani. Usitie klorini: haiondoi petroli. Usiwashe kiberiti, sigara wala jenereta karibu na mdomo wa kisima. Petroli ina kitu kiitwacho benzeni, ambacho mtu akikitumia kwa muda mrefu kinaweza kumletea saratani ya damu. Kikundi hakiwezi kutibu kisima hiki chenyewe. Kinachoweza ni kuzuia watu wasiumie, na kutoa taarifa.

4. YALIYOTOKEA THANGE

Ndugu zetu wa Thange, upande wa Kibwezi katika Kaunti ya Makueni, walipata taabu hii. Bomba la mafuta la Mombasa hadi Nairobi, lililoanza kazi mwaka 1978, lilivuja. Mwezi wa Mei 2015 wakazi waligundua mafuta katika mto wao. Mto Thange na visima vya kandokando ndivyo vilivyokuwa tegemeo lao kwa kunywa, mifugo na mashamba. Mto ulioharibika kwa siku chache haukusafishika kwa siku chache, kwa sababu mafuta yaliyoingia udongoni hutoka kidogo kidogo kila mvua inaponyesha. Wakazi walikwenda mahakamani, na mwaka 2025, yaani miaka kumi baadaye, mahakama ya Makueni iliamuru walipwe fidia.

Tunajifunza mambo mawili. Kwanza, wanaoishi na maji ndio wa kwanza kunusa, hata kabla ya wenye mitambo. Msiogope kusema ati kwa sababu hamkusoma. Pili, kesi ya namna hii huchukua miaka, na maneno ya mdomo husahaulika. Kwa hivyo kikundi kiwe na DAFTARI LA MAJI. Andikeni tarehe, kisima cha nani, harufu gani, mvua ilinyesha lini, nani aliumwa, na ni ofisa gani aliyeambiwa.

Mkishuku petroli, mwambieni chifu na Bwana Afya siku hiyo hiyo. Pelekeni habari pia kwa ofisi ya maji ya kaunti, kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji (WRA) na kwa NEMA. Sampuli ichukuliwe katika chupa ya kioo iliyo safi, ijazwe mpaka juu isibakie hewa, ifungwe kabisa, ikae mahali pa baridi, na ifike maabara upesi. Chupa ya plastiki haifai kwa petroli.

5. HEWA INAYOUA NDANI YA KISIMA

Sasa tunakuja kwa jambo kubwa kuliko yote katika somo hili. Kisima kikinuka, neno la kwanza la watu ni: "Kijana ashuke akasafishe." Hapo ndipo mauti huingia.

Ndani ya shimo refu hewa haizunguki. Uozo na udongo hula oksijeni. Kabonidioksaidi, ambayo haina harufu, ni nzito kuliko hewa na hulala chini kama maji. Kule Goma, mashariki ya Kongo, gesi hii hutoka ardhini karibu na volkeno na kujikusanya mabondeni. Watu wa huko huiita mazuku, na huua mbuzi, mbwa na hata watu wanaopita pale penye bonde. Kisima ni bonde la namna hiyo, ila hili limechimbwa na mkono wa binadamu.

Gesi ya yai viza nayo ni nzito kuliko hewa, na ina hila mbaya. Ikiwa kidogo, unainusa. Ikiwa nyingi, inaua nguvu ya pua, na harufu inapotea. Fundi aliye chini hudhani hewa imekuwa safi, kumbe pua yake ndiyo imekufa ganzi. Dakika chache baadaye ameanguka. Basi shikeni neno hili: harufu ikiwapo ni onyo, lakini harufu ikikosekana si ruhusa ya kushuka.

Vifo vya kisimani mara nyingi huwa viwili au vitatu pamoja. Wa kwanza huanguka, ndugu yake hukimbia kumwokoa, naye huanguka, kisha wa tatu. Mapenzi ya ndugu ni kitu kizuri, lakini chini mle hayana pumzi.

SHERIA ZA KISIMA

1. Mtu asishuke bila fundi mwenye uzoefu na kipimo cha hewa. Ombeni msaada kwa ofisi ya maji au wachimbaji wenye leseni.
2. Msitegemee mshumaa au taa ya kushusha kwa kamba. Ikizimika, ni kweli hewa ni mbaya. Lakini isipozimika haijathibitisha kitu, kwa sababu gesi ya yai viza na moshi wa injini haviizimi. Na pakiwa na petroli au methani, taa hiyo italipua kisima.
3. Injini ya pampu isishushwe wala kuwashwa ndani ya kisima hata siku moja. Moshi wake una kaboni monoksaidi, isiyo na harufu, na huua upesi.
4. Anayeshuka afungwe mkanda wa kifuani wenye kamba, na juu wawepo watu wasiopungua watatu wenye nguvu ya kumvuta.
5. Akinyamaza au akilegea, avutwe. ASISHUKE MWINGINE.
6. Kazi nyingi hazihitaji mtu kushuka. Takataka huweza kuopolewa kwa ndoo na kulabu, na maji kutolewa kwa pampu iliyo nje.

6. KUTIA KLORINI KISIMANI

Hii ni kwa kisima kilichochafuliwa na uozo au mafuriko. Si kwa petroli.

Kwanza pimeni maji. Shusha kamba yenye jiwe mpaka chini, vuta, na pima sehemu iliyolowa. Kisima chenye upana wa mita 1 kina karibu lita 800 kwa kila mita moja ya maji. Kwa kila mita hiyo, tieni gramu 60 za unga wa klorini wenye nguvu ya asilimia 65 hadi 70. Mkitumia Jik ya kawaida isiyo na manukato, yenye nguvu ya asilimia 3.5, ni lita moja na kidogo.

Mfano: maji yana kina cha mita 2. Unga ni gramu 120, au Jik lita mbili na robo. Lakini angalieni upana. Kisima cha upana wa mita 1 na nusu kina maji zaidi ya mara mbili ya kile cha mita 1, kwa hivyo dawa nayo ni zaidi ya mara mbili.

Tieni unga ndani ya ndoo ya maji, mkoroge, mwache utulie, kisha mmimine yale maji ya juu kisimani mkizungusha ili yaoshe kuta. Vaeni glavu na mlinde macho. Msichanganye dawa hii na asidi ya kusafishia choo, maana hutoa gesi ya sumu. Funikeni usiku kucha, na mwambie kila nyumba isichote. Asubuhi nuseni: harufu ya klorini iwe bado ipo. Kama haipo, uchafu umeimaliza, rudieni mara moja. Ikipotea tena, kuna uchafu unaoingia bado, na lazima mwanzo wake utafutwe. Ikiwa ipo, toeni maji mpaka harufu ipungue. Msiyamwage kwenye mboga wala mtoni.

Baada ya hapo, maji ya kunywa bado yatibiwe nyumbani: yachemshwe mpaka yatokote, au yatiwe WaterGuard kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na kusubiri nusu saa. Jua letu la Isiolo pia ni dawa ya bure. Jaza maji yasiyo na tope katika chupa ya plastiki inayoona ndani, isiyozidi lita 2, ilaze juani saa 6. Kukiwa na mawingu, siku mbili.

7. MAJI YASIYONUKA

Msije mkafurahi mapema kwa sababu harufu imeisha. Vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo havina harufu. Naitreti, inayotoka kwenye vyoo na zizi, haina harufu, na ikizidi miligramu 50 kwa lita ni hatari kwa mtoto mchanga anayenyweshwa maziwa ya unga: damu yake hushindwa kubeba hewa na midomo hugeuka rangi ya bluu. Floraidi haina harufu wala ladha. Ikizidi miligramu 1.5 kwa lita huharibu meno ya watoto yakawa ya kahawia, na ikizidi sana kwa miaka mingi hudhoofisha mifupa. Kuchemsha hakuondoi naitreti, floraidi wala chumvi. Maji yanapopungua kwa mvuke, hivyo hubaki na kuzidi.

Mahali ulipochimba pana maana pia. Hifadhi kubwa ya maji ya chini iitwayo Merti, inayokwenda upande wa Habaswein na Dadaab mpaka Somalia, ina maji matamu katikati, lakini pembeni chumvi huzidi. Kwa hivyo kila kisima kipya kipimwe maabara kabla watu hawajakizoea. Kikundi kinaweza kuchanga fedha kwa kipimo kimoja, kuliko kila nyumba kuchanga kwa hospitali.

8. NENO LA MUNGU

Someni 2 Wafalme 2:19-22. Watu wa Yeriko hawakuficha aibu ya mji wao. Walimwendea Elisha, wakamwambia wazi kwamba mji ni mzuri lakini maji ni mabaya. Naye hakuanza na mitungi ya nyumbani. Alikwenda mpaka penye chemchemi. Nasi tuseme ukweli juu ya maji yetu, halafu twende hadi chanzo chake.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kijiji chetu, ni visima vingapi vilivyo chini ya mita 30 kutoka chooni au zizini? Nani atavipima, na lini?
2. Ni jerikani zipi nyumbani mwetu zilizowahi kubeba mafuta?
3. Mtu akianguka kisimani leo, kamba na mkanda viko kwa nani? Watoto wetu wanajua kwamba hawaruhusiwi kumfuata?
4. Kuna gereji au kituo cha petroli upande wa juu wa visima vyetu? Mwenyewe ameshaongea nasi?
5. Nani atatunza Daftari la Maji? Mchagueni leo, kabla ya sala ya kufunga.

KAZI YA KUFANYA: kabla ya mkutano ujao, kila mwanachama afanye uchunguzi wa sehemu ya 2 kwa kisima anachotumia, na alete majibu yaandikwe. Halafu kikundi kiende kwa Bwana Afya na daftari mkononi.

Mungu awabariki katika kazi yenu.